Namna Tulivyotayarisha Sakafu ya Nyumba ya Vitabu



Mwandishi mukubwa wa gazeti alituomba sisi, doyeni wa wanafunzi, tuandike kurasa chache juu ya kazi ya vakansi ya 2025. Labda alifikiri tutaandika juu ya shamba la mahindi ao juu ya mupira. Tutaandika juu ya sakafu. Wengi wenu munaingia kila siku katika nyumba ya vitabu, munavua viatu ku mulango na kunung'unika, na hamujui kitu gani kiko chini ya zile mbao. Tena kuna habari moja ya plastiki ambayo wadogo wanasimuliana ku internati, na kila usiku inaongezewa chumvi. Heri tuielezee sisi wenyewe.

Wale waliokuwa hapa mwaka wa 2024 wanakumbuka sakafu ya kwanza. Mwezi wa 8 wa mwaka ule wamasoni walivunja sakafu ya zamani iliyojaa mashimo, wakamwanga betoni mupya ya sentimetre 10. Nyuma ya majuma matatu tu mbao za eukaliptusi zikapakwa kole na kulazwa juu yake, sababu masomo yalikaribia kufunguliwa na komite ya wazazi ilitaka kuona kitu. Fundi wa kwanza, ambaye jina lake halina kazi hapa, alipiga betoni na kisigino cha kiatu akasema: «Iko nguvu sawa jiwe.» Hakusema uwongo. Lakini nguvu na ukavu ni vitu viwili, na hilo hatukulijua wakati ule, hata sisi tuliobeba mbao kwa furaha.

Betoni inahesabiwa siku 28 juu ya nguvu. Juu ya kukauka, hesabu ni ingine kabisa. Maji yaliyotiwa ndani kwa kukoroga hayatoki yote. Yanapanda polepole sana, na njia yao ni moja tu, ya juu. Mafundi wanahesabu juma moja kwa kila sentimetre mpaka sentimetre 4, kiisha majuma mawili kwa kila sentimetre inayofuata. Fanya hesabu wewe mwenyewe: sentimetre 10 ni majuma 16, karibu miezi mine, na madirisha wazi, na mvua isipige ndani. Sisi tuliipa majuma matatu. Na zile mbao za eukaliptusi zilipasuliwa mwaka uleule, zilikuwa nzito mubegani sawa mutoto aliyelala.

Mpaka Noeli hakuna aliyeona kitu. Tuliporudi mwezi wa kwanza wa 2025, katikati ya mvua, mulango wa nyumba ya vitabu ulikataa kufunguka. Tukausukuma watu wanne. Ndani, kila mbao ilikuwa imenyanyua kando zake mbili sawa sahani, na katikati ya chumba safu mbili zilisimama zikiegemeana kama paa la kanyumba. Ungeweza kuingiza muguu chini yake. Dada mumoja wa kalasi ya 8 alianguka pale siku ileile akavunjika jino, na jino la mbele halina vakansi. Tulipotosha mbao, kole ilikuwa imegeuka uji wa jana. Maji yanayotoka katika sima yana ukali ndani yake kama wa chokaa, yanakula kole nyepesi mpaka inaachilia. Harufu yake ilikuwa ya shimo la viazi vilivyooza.

Basi vitabu vilihamishwa, nusu ya mwaka tulisomea chini ya muembe, na feza ya wazazi ilikuwa imekwisha kuliwa na maji. Muko mzazi mumoja aliyeuza mbuzi juu ya ile sakafu. Alikuja kuitazama mwezi wa pili, akazunguka chumba, akaondoka bila kusema neno kwa mutu yeyote. Hilo lilituumiza kuliko kelele.

Komite ikakata shauri ya kurudilia kazi wakati wa vakansi, wafanya kazi wakiwa wanafunzi wanaobaki. Tulikuwa tisa: sita wa kalasi yetu, na wadogo watatu ambao kwao ni mbali, upande wa Moba, Pweto na Kasenga. Mbao safari hii zilikuwa za mulombwa, ule muti ambao ndugu zetu wa Zambia wanauita mukwa na wa Tanzania muninga. Mulombwa una sifa ya kutovimba sana na kutosinyaa sana. Lakini hata mulombwa hauwezi kushinda betoni yenye maji.

Fundi mupya alikuwa muzee, masoni na seremala pamoja, ambaye tangu ujana wake alilaza parke katika manyumba ya Lubumbashi. Siku ya kwanza hakuleta nyundo. Alileta regle ya aluminiomu ya metre 2, musumari, chupa ya maji, chaki za rangi mbili na plastiki iliyoviringwa. Kiisha hakuingia ndani. Alikaa inje juu ya tofali karibu saa moja, akiangalia paa, akiangalia udongo, akiangalia robine ile ya kufulia iliyo ku ukuta wa nyuma. Sisi tulisimama na majembe kama wajinga.

«Parke inaanzia inje,» akasema. Akatuuliza maji ya paa yanaanguka fasi gani. Yalianguka chini ya ukuta tu, bomba la paa lilikuwa limeibiwa zamani. Akauliza kama wamasoni walitandika plastiki chini ya betoni kabla ya kumwanga. Hakuna aliyejua. Akachimba kidogo pembeni ya ukuta, akatazama, akatikisa kichwa. Hakukuwa kitu, betoni ililala juu ya udongo mutupu. Maana yake ni kwamba betoni ile, hata ikikauka leo, mvua ikija udongo utaipa maji tena kutoka chini, sawa utambi wa taa unavyovuta petroli.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuparula kole ya zamani. Hatutasema mengi, sababu ni kazi isiyo na hadisi: kupiga magoti, chuma mukononi, kole kidogo, ngozi ya mukono mingi. Siku 12. Mashini ya kusugulia ilikodishwa siku mbili, na siku moja kati ya hizo umeme haukufika. Muzee alitukataza kusugula betoni kavu bila kitambaa puani. Vumbi la betoni na muchanga linaingia mu mapafu na halitoki, alisema. Rafiki zake wawili wa ujana wanakohoa mpaka leo. Tulimwanga maji kidogo mbele ya mashini kusudi vumbi lilale. Tena akatuambia jambo la kukumbuka ninyi ambao wazazi wenu wanakaa katika manyumba ya miaka ya 1950: kole nyeusi sawa goudron iliyo chini ya karo za zamani isisugulwe kamwe, juu inaweza kuwa na amianti ndani yake. Yeye akiikuta anaifunika, haigusi.

Kiisha kuparula tulifikiri sakafu iko safi. Muzee akachukua chupa yake, akaangusha matone ya maji fasi kumi na mbili. Fasi zingine tone lilinywewa mara moja, betoni ikawa nyeusi. Fasi zingine tone lilisimama mviringo, likiangaza sawa juu ya jani la kolokasi. «Pale pangali na kole,» akasema, «ao na utelezi wa sima. Kole yenu mupya itashika utelezi, haitashika betoni.» Akatwaa musumari, akachora mistari ya kukingamana. Fasi moja karibu ya dirisha uliinua unga mweupe sawa chaki. Ule ni uji wa sima unaopanda juu wakati masoni anatia maji mengi na kulainisha sana. Unaonekana mzuri kwa macho lakini hauna nguvu. Tukarudi ku magoti siku tatu tena. Siku ile, tuseme kweli, tulimuchukia.

Sasa tufike ku plastiki.

Muzee alitaka kununua dawa ya kuziba maji, epoksi, ya kupakala juu ya betoni yote mara mbili. Bei yake ilikaribia nusu ya bei ya mbao. Komite ikakutana na Bwana Perefe, wakasema: Mufanye kwanza majaribu, kama betoni haina maji, hatununui. Muzee akasema majaribu ya kiangazi yanasema habari ya kiangazi tu. Hawakumusikia sana, na tunawaelewa, feza ilikuwa ya watu. Basi siku ya kazi tatu, tarehe 23 mwezi wa 7, mangaribi, akakata vipande sita vya plastiki vya sentimetre 50 kwa 50, akavibandika juu ya betoni na skochi pande zote nne pasipo kuacha nafasi, akaandika namba kwa chaki. Watu wengi wanaacha saa 16. Yeye alitaka masiku matatu, mpaka posho asubuhi. Kama chini ya plastiki kuna matone, ao betoni imekuwa nyeusi, maji yanapanda. Ufunguo akatuachia sisi, kama doyeni. «Mutu asiguse,» alisema.

Wadogo munajua baridi ya mwezi wa 7 hapa kwetu. Usiku inashuka mpaka karibu digri 7. Katika dortware, dirisha la pili upande wa kusini lilikosa kioo tangu mwezi wa 5, sentimetre 40 kwa 40. Tulikuwa tumeandika habari yake katika kitabu cha doyeni, na habari ililala mu kitabu. Chini ya dirisha lile alilala yule mudogo wa kalasi ya 7 wa Moba. Usiku wa kazi tano alikohoa mpaka kitanda kikatembea. Tulimupa blanketi letu, hakunyamaza. Katoni tuliyoweka iliangushwa na upepo. Plastiki iliyobaki ilifungwa katika depo na ufunguo ulikuwa nyumbani kwa Perefe. Saa saba ya usiku tukakamata torche, tukaenda nyumba ya vitabu, tukabandua plastiki ya sita, ile ya pembe ya nyuma, sababu ilikuwa karibu na mulango.

Hapa ndipo wadogo wanaponyamaza wakisimulia, maana hawakuwepo. Plastiki ilikuwa na maji. Si mengi, lakini ilishika vidole. Chini yake betoni ilikuwa na kivuli cha mraba. Tuliona, na torche ilikuwa mukononi mwetu. Tukajiambia ni baridi ya usiku tu, hata vioo vinatoka jasho. Tukaipangusa na shuka, tukaifunga ku dirisha, mutoto akalala. Saa kumi na moja ya alfajiri tukaitosha, tukairudisha fasi yake, tukabandika skochi mupya juu ya alama za skochi ya zamani. Kazi nzuri. Kabla ya hapo betoni ilikuwa imepumua saa nne, kivuli kilikuwa kimekwenda.

Saa moja muzee akafika na Bwana Perefe na mutu wa komite. Namba 1, kavu. Namba 2, kavu, na vivyo hivyo mpaka 6. Mutu wa komite alipiga makofi. Perefe alitushika mubega, akasema kwa Kifaransa kwamba hii ndiyo kazi. Muzee peke yake alipiga goti tena ku namba 6, akalaza kiganja, akakaa vile. Hakusema kitu. Feza ya epoksi ikaokolewa, na ndoo za kole zikaagizwa palepale.

Siku ya Mungu tulisimama katika koro na sauti haikutoka. Wenzetu wawili wa kalasi tulikuwa tumewaambia. Mumoja alisema: Nyamaza, sakafu itamaliza juma mbili, kila mutu aende kwao, na mvua ikifika sisi tuko ku egzameni ya taifa, hatuko hapa tena. Alikuwa na haki ya kusema vile, mama yake alikuwa anamungojea Kasenga tangu Pasaka. Mwingine hakusema neno, akaendelea kupiga pasi shati yake. Tulikumbuka yule mzazi wa mbuzi. Lakini tusijifanye wazuri: kitu kilichotusukuma zaidi ni kile kiganja cha muzee juu ya betoni. Tulifikiri anajua.

Siku ya kazi moja tulimukuta ku robine akikunywa chai.

«Papa, ile plastiki ya sita haikulala fasi yake.»

«Nani aliitosha?»

«Siye.»

«Siye ni batu bangapi?»

Tukanyamaza kidogo. «Mumoja.»

Akamaliza chai yake yote, akasuuza kikombe. «Ilikuwa na mayi?»

«Ndiyo, Papa. Kidogo.»

«Kidogo ya namna gani?»

«Ya kupangusa na shuka.»

«Na sababu gani uliitosha?» Tukamweleza mutoto na dirisha. Akaangalia upande wa dortware muda murefu. Kumbe hakujua kitu, kiganja chake kilikuwa kinapima tu baridi, kama anavyofanya fasi zote. Alituambia hivyo baadaye akicheka. Siku ile hakucheka. Akasema: «Njo uende kwa Perefe sasa, mbele kole haiyafunguliwa. Ndoo ikifunguliwa, duka hairudishe feza.»

Habari ya ofisini haihitaji mistari mingi. Bwana Perefe alitunyanganya ufunguo na cheo kwa majuma matatu, na ilikuwa haki. Tena aliuliza kwa nini dirisha lilikosa kioo; tukamwonyesha kitabu cha doyeni, tarehe 12 mwezi wa 5, na sahihi ya kupokea ambayo haikuwa yetu. Alifunga kitabu polepole. Kesho yake muzee alikata kioo, akakitia na mastiki, hakudai kitu.

Plastiki sita zikarudilia masiku matatu, na safari hii Perefe mwenyewe alilala na ufunguo. Tano zilikuwa kavu. Ya sita ilikuwa na matone ya kuhesabika, na betoni chini yake nyeusi sawa ubao uliopanguswa. Muzee akatoka inje, akahesabu hatua tangu pembe ya chumba, akafika ku robine. Tukachimba. Chini ya sentimetre 50 kiungo cha tuyo kilikuwa kinalia maji, tone kwa tone, labda miaka mingi, na udongo ulikuwa matope mekundu mpaka chini ya ukuta. Katikati ya kiangazi! Kole ingelazwa juu ya hayo.

Kutengeneza tuyo kulichukua siku moja. Kungojea betoni kulichukua majuma sita. Yule mwenzetu wa Kasenga hakufika kwao. Kazi ya musingi wa inje ilikuwa ya wakubwa na walikuwa wachache, Perefe akawaomba wabaki, hakuweza kukataa. Alikaa majuma mawili bila kutusemesha. Tulikula bugali katika sahani moja naye akiangalia ukuta. Siku moja tu, tukichimba, alisema: «Wewe ulisema kweli, mimi ninalipa.» Hatukuwa na jibu, na hata sasa hatuna.

Siku zile za kungojea hazikupotea. Tulichimba mufereji kuzunguka ukuta wa nyuma, tukaujaza changarawe, ukielekea bondeni. Bomba la paa likawekwa. Ndani tulifanya kazi ya regle. Unalaza regle ya metre 2 juu ya sakafu, kila upande na kukingama, na hakuna fasi inayopaswa kuwa na nafasi ya kupita milimetre 5 chini yake. Muzee alikuwa na kipande cha mbao cha milimetre 5 kamili. Kikiingia na kucheza, tunachora kwa chaki ya buluu, ni shimo. Regle ikibembea, tunachora kwa chaki nyekundu, ni mulima. Chumba kikawa kama karte ya jiografia. Katikati tulikuta shimo la milimetre 11 ambalo hakuna jicho lililoliona. Parke ya kushikwa na kole haisamehe vitu hivi: mbao ikipita juu ya shimo bila kugusa kole, inalia kila ukikanyaga, na fasi ya utupu njo inaanza kuachilia.

Milima tulisugula na jiwe. Mashimo tulijaza na sima laini ya kusawazisha, kiisha kupakala kwanza dawa ya kushikisha, juu bila hiyo betoni kavu inanyonya maji ya sima mupya na inabaki unga. Mumoja wetu alipendekeza plasta, ni bei ndogo na inakauka mbio. Muzee alikataa karibu na hasira. Plasta ikipata maji inalainika, na chini ya mbao hakuna anayeiona.

Nyufa zilikuwa tatu. Mbili zilikuwa nyembamba na hazikucheza, zikafunguliwa kidogo na kujazwa. Ya tatu ilivuka chumba toka ukuta mpaka ukuta. Muzee alipaka juu yake matone mawili ya plasta (kazi ile plasta inaifaa), akaandika tarehe. Kama ufa unatembea, plasta inapasuka. Haikupasuka. Tulijaza na huo pia, na si juu ya uzuri tu: katika inchi yetu ya vichuguu, muchwa unapita katika ufa usiozidi milimetre 1, na ukifika chini ya mbao unakula kutoka chini miaka miwili kabla hujaona.

Mwisho wa mwezi wa 8 namba 6 ilikuwa bado na kivuli. Katikati ya mwezi wa 9, masomo yakiwa yamekwisha kufunguliwa na ninyi mukiwa munachungulia madirishani, zote sita zilikuwa kavu. Hata vile komite ilinunua epoksi. Yule mutu aliyepiga makofi ndiye aliyetafuta feza, tuandike hilo pia. Tulipakala mara mbili, ya pili ikikingama ya kwanza, na ya pili ikiwa bado mbichi tukanyunyiza muchanga mukavu mpaka sakafu ikafanana na ufuo wa ziwa. Muchanga unashika epoksi, kole inashika muchanga. Kesho yake tulifagia uliobaki.

Mbao zilikuwa zimekaa chumbani mule tangu mwezi wa 8, juu ya vijiti kusudi hewa ipite, zikizoea chumba. Mashini ya sindano mbili ya muzee ilisoma maji 9 kwa mia ndani yao. Wakati wa mvua zitakunywa hewa na kupanda, haikosi, mbao inavimba kwa upana wake. Kwa hiyo kandokando ya kuta zote aliacha nafasi ya milimetre 12, na akaifunika na plinte. Kole ilikwenda karibu kilo moja kwa kila metre ya mraba, na chumba ni metre za mraba 54. Juu ya kuilaza mbao hatutaandika, muliona wenyewe. Ilichukua siku nne, kazi yote mbele yake miezi miwili na nusu.

Mvua kubwa zilikuja. Mwezi wa kwanza wa 2026, kila mangaribi kiisha funzo la jioni, sisi na yule wa Kasenga (alirudia kusema nasi siku ya kole, aliomba spatula) tulivua viatu, tukapita safu kwa safu tukigonga mbao na kidole na kusikiliza. Pembe ya robine inajibu kwa sauti nzito, imejaa. Karibu na mulango, mbao mbili zinajibu sawa ngoma. Pale hapakuwa na maji, wala ufa. Ni sisi tuliopaka kole kidogo mule, tulikuwa tunataka kumaliza. Muzee amesema atatoboa tundu ndogo kiangazi kikifika, aingize kole na sindano.

Kwa wale watakaobaki baada yetu: musijaze ile nafasi ya chini ya plinte, hata mukiona muchwa wawili, ao mutu akisema inaleta vumbi. Musimwange ndoo ya maji kwa kupangusa. Kitambaa kikamuliwe kwanza. Robine ya nyuma ifungwe mpaka mwisho kila jioni, na mufereji wa changarawe utoshwe majani mwezi wa 10. Plastiki ya sita iko katika kabati ya mutunza vitabu, imekunjwa, na namba yake ingali inasomeka.